UZI: Kuomba vyuo vidogo vya Marekani (sanaa huria) kwa mtoto wa mlalahoi. Maswali yote ya inbox nayajibu hapa

KibandaChaChipsi · 11 Agosti 2024

Wakuu, habari za jioni.

Tangu nichangie kwenye ule uzi wa kusoma nje, inbox yangu haipumui. Maswali ni yale yale, nimechoka kukopi na kupesti, kwa hiyo nayaweka hapa mara moja tu. Mimi ni mtoto wa Temeke, shule za serikali mwanzo mwisho, Form Six nimepiga PCM (fizikia, kemia na hesabu). Shahada nimemaliza 2022 kwenye chuo kidogo katikati ya Marekani, kijijini, mahindi kulia, mahindi kushoto. Mama aliuza chipsi na mpaka leo anauza. Ada sikulipa hata senti. Ila mwaka wa kwanza kuomba niliomba vyuo saba na vyote saba vilinitema, kwa hiyo nitaongea zaidi pale nilipojikwaa.

Tuanze na jina, maana jina peke yake limeua ndoto za watu. Mjomba aliposikia "sanaa" aliitisha kikao cha ukoo: "Mtoto kasoma PCM, leo anakwenda kuchora?" Aliposikia "huria" akasema basi si aende pale Kinondoni Chuo Kikuu Huria, nauli ya daladala tu. Na neno "college" nalo kwetu ni cheti na diploma, kwa hiyo akahitimisha kwamba nimedanganywa na wazungu.

Sanaa huria (kwa Kiingereza liberal arts) ni namna ya kusoma. Fizikia imo, hesabu imo, uchumi, baiolojia, historia, kompyuta, vyote vimo. Unaingia bila kufungwa kwenye kozi, unaonja masomo tofauti, na kwa kawaida mwisho wa mwaka wa pili ndiyo unatangaza unabobea wapi. Vyuo vyenyewe ni vidogo, karibu vyote ni vya shahada ya kwanza tu. Amherst, kwa mfano, ina wanafunzi kama 1,900. Ni wachache kuliko shule yangu ya msingi. Profesa anakujua kwa jina, na ukikosa kipindi anakuandikia kuuliza kama unaumwa.

Kilichomnyamazisha mjomba ni majina ya watu. Robert Noyce, mmoja wa waanzilishi wa Intel, alisoma fizikia na hesabu Grinnell, chuo kidogo cha Iowa. Kofi Annan alimaliza uchumi Macalester mwaka 1961. Wangari Maathai alisoma baiolojia kwenye chuo kidogo cha masista kule Atchison, Kansas. Uhuru Kenyatta ni wa Amherst. Lupita Nyong'o ni wa Hampshire. Mjomba alikaa kimya, kisha akauliza, "Huyo Uhuru naye alikwenda kuchora?" Kikao kikafungwa.

Sehemu ya pesa naipandisha kesho, ni ndefu.

Mdau wa Gongo la Mboto · 11 Agosti 2024

Nimetandika mkeka. Endelea dada.

Chalii_wa_Soweto_Moshi · 11 Agosti 2024

Mkuu usije ukatuacha njiani kama wale wa nyuzi za forex.

KibandaChaChipsi · 12 Agosti 2024

Haya, PESA.

Mwaka mmoja kwenye vyuo hivi, ukijumlisha ada, chumba na chakula, umepita dola 80,000. Ukiona namba hiyo usifunge ukurasa. Hiyo ni bei ya ukutani, kama bei ya kitenge Kariakoo kabla hamjaongea. Tofauti ni kwamba hapa hamuongei kwa mdomo, mnaongea kwa fomu. Chuo kinapiga hesabu familia yako inaweza kutoa kiasi gani kwa mwaka, kinaondoa hicho kwenye gharama, kinachobaki ndilo pengo. Vyuo vyenye mfuko mnene vinaahidi kuziba pengo lote la kila mwanafunzi wanayemchukua, kwa miaka yote minne.

Sasa kuna swali ambalo mimi sikuliuliza na likanila mwaka mzima: wanapoamua kukuchukua au kukuacha, wanachungulia mfuko wako?

Kundi la kwanza halichungulii. Kwenye tovuti zao utalikuta neno need-blind, lakini soma mpaka uone limeandikwa kwa waombaji wa kimataifa pia, maana vyuo vingi havichungulii mfuko wa Mmarekani ila wa kwako vinachungulia. Kwa wageni, hawa ni wa kuhesabu kwa vidole. Kwenye vyuo vidogo kuna Amherst tangu 2008 na Bowdoin tangu 2022. Ukipanda kwa wakubwa kuna Harvard, Yale, Princeton, MIT, Dartmouth, na wengine wachache wanaojiunga.

Kundi la pili linachungulia, ila likikuchukua linaziba pengo lote. Hapa wamo Williams, Swarthmore, Pomona, Grinnell, Macalester, Smith na wenzao. Maana yake kila chuo kina fungu la pesa la wageni, na wewe unayehitaji karibu kila kitu unagombea nafasi chache kuliko mtoto wa tajiri wa Shanghai. Usiwaogope. Mimi nilichukuliwa na kundi hili hili.

Kundi la tatu linachungulia na halizibi. Unachukuliwa, unapewa dola 25,000 kwa mwaka na barua ya pongezi yenye nembo inayong'aa, halafu pengo la dola 50,000 na ushee unabaki nalo wewe na mama yako. Barua ya namna hiyo ni karatasi ya kufungia chipsi. Mwaka wangu wa kwanza, vyuo vitano kati ya saba vilikuwa vya kundi hili. Hata vingenichukua nisingekwenda. Nilivichagua kwa sababu tovuti zao zilikuwa na picha nzuri za majani ya vuli.

Kuna Berea, Kentucky, nayo iko peke yake. Haimtozi mwanafunzi ada ya masomo tangu 1892, kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni, na wageni wachache wanaochukuliwa kila mwaka hugharamiwa mwaka wa kwanza wote. Kwa hiyo dunia nzima inaomba huko. Omba, lakini usiifanye ndiyo mpango wako wa pekee.

Halafu usimsikilize anayekwambia "tiki kwamba huhitaji msaada, ukifika utaomba." Vyuo vingi vimeandika wazi kwamba mgeni asiyeomba msaada wakati wa kuomba nafasi, baadaye hapewi. Na ofisa wa visa atataka kuona pesa hizo ulizosema unazo.

Mzalendo Halisi · 12 Agosti 2024

Vijana mnahangaika na nchi za watu. Mlimani pale kuna nini kibaya? HESLB, bodi ya mikopo, ipo. Mkishasoma huko hamrudi.

KibandaChaChipsi · 12 Agosti 2024

Mkuu, kama mtu kapata kozi anayoitaka Mlimani na mkopo kapata, simshawishi hata kidogo. Na wengi wanaosoma hapa ndiyo watakachofanya, maana vile vya juu kabisa kati ya vyuo hivi, katika waombaji 100 vinachukua 10 au pungufu. Anayeomba aombe na hapa nyumbani pia.

Ila umenikumbusha jambo. Ukishajisajili na kuanza shahada UDSM, SUA au kokote, vyuo vingi vya Marekani vitakuhesabu kama mwanafunzi wa kuhamia, siyo wa kuanza. Na pesa ya wageni wanaohamia ni kidogo mno, vingine hawana kabisa. Nimeulizwa hili mara nyingi na watu wa mwaka wa kwanza, na jibu linauma. Kama uko bado mtaani na barua yako mkononi, fikiria kabla ya kujisajili.

Baba Neema · 13 Agosti 2024

Binti, hongera kwa moyo wa kusaidia. Mimi ni mzazi, nafanya biashara ya bajaji mbili Mbagala. Binti yangu Neema kamaliza Form Six PCB (fizikia, kemia na baiolojia) mwaka huu, matokeo ni Division One ya pointi 4. Anataka udaktari. Anataka kuomba huko mnakosema. Nami sijui hata nianzie wapi kuuliza.

KibandaChaChipsi · 13 Agosti 2024

Shikamoo baba. Hongera sana kwa Neema.

Hili la udaktari ni lazima niliseme wazi ingawa halipendezi. Marekani mtu haingii udaktari akitoka Form Six. Anasoma kwanza shahada ya miaka minne, ya baiolojia au yoyote akichukua masomo yanayotakiwa, halafu ndiyo anaomba shule ya udaktari, miaka minne mingine. Hizo shule za udaktari nyingi hazichukui wageni, na zinazochukua mara nyingi hutaka uonyeshe pesa ya miaka yote mkononi. Msaada ule mnono wa shahada ya kwanza haumfuati huko.

Kwa hiyo kama Neema anataka kuwa daktari wa wodini na si kingine, Muhimbili ni njia fupi na ya uhakika zaidi. Kama anapenda baiolojia yenyewe, maabara, utafiti wa dawa, afya ya jamii, basi vyuo hivi vitamfaa sana. Mkalishe umuulize, baba. Asijibu siku hiyo hiyo.

Baba Neema · 13 Agosti 2024

Marahaba. Nitamuuliza.

MkenyaMbali · 14 Agosti 2024

Salamu kutoka Kericho, ingawa kwa sasa niko Minnesota kwenye baridi. Wazazi wangu ni wakulima wa chai, mimi nimesomea hesabu kwenye chuo kama hivi.

Kwa Wakenya wanaosoma uzi huu: kuna KenSAP, mradi ulioanzishwa 2004 na mwanariadha wetu Mike Boit pamoja na mwandishi Mmarekani John Manners. Wanachagua wanafunzi waliong'ara KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, kutoka familia zisizo na uwezo na kuwaandaa kuomba vyuo hivi. Hakuna karo unayowalipa. Anayekuitisha pesa kwa jina lao, kimbia.

Na si jambo jipya kwetu. Ndege ya kwanza ya mpango wa mwanasiasa wetu Tom Mboya wa kupeleka wanafunzi Marekani iliondoka Nairobi Septemba 1959 na wanafunzi 81, na wengi wa waliosafiri miaka ile walitawanywa kwenye vyuo vidogo ambavyo hata Wamarekani wengine hawavijui. Wangari alikwenda 1960 kwa mpango huo huo. Babu yangu anakumbuka harambee za kuwatafutia vijana nauli. Watu waliuza ng'ombe.

Swali kwako dada: insha. Watu wananitumia insha zao na zote zinaanza na kutembea kilomita kumi kwenda shule bila viatu.

KibandaChaChipsi · 14 Agosti 2024

Ahsante kaka, hapo kwenye insha umenigusa kidonda.

Insha ya Common App mwisho wake maneno 650. Hiyo Common App ni tovuti moja ya kuombea vyuo vingi, mpaka 20, na hufunguliwa tarehe 1 Agosti kila mwaka, kwa hiyo sasa hivi iko wazi. Insha yangu ya mwaka wa kwanza ilikuwa hiyo hiyo ya bila viatu. Nilikuwa na viatu! Shule ilikuwa mtaa wa pili. Niliandika hivyo kwa sababu nilidhani ndicho wanachotaka kwa Mwafrika. Mtu anayesoma insha hizo anapitia nyingi kwa siku, na bila shaka yangu ilikuwa ya tano asubuhi hiyo yenye vumbi na ndoo kichwani.

Mwaka wa pili niliandika kuhusu kaka yangu, konda wa daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo. Yule bwana hakumaliza Form Two, lakini anakunja noti kwa urefu na kuzipanga kati ya vidole: elfu kumi kidole hiki, elfu tano hiki, mbili hiki, sarafu kiganjani anazicheza. Abiria ishirini wamempa pesa tofauti, wengine wanashuka wawili wawili, mmoja kalipa nusu kwa sababu ni mwanafunzi, na chenji ya kila mtu anayo kichwani. Niliandika nilivyojaribu kumsaidia siku moja ya Jumamosi na kufika Kariakoo tukiwa na upungufu wa shilingi 2,300. Mimi mwenye A ya hesabu! Hapo nikaeleza nilichokuja kufikiri kuhusu kuhesabu kwa kichwa na kuhesabu kwa karatasi. Basi. Hakuna machozi.

Ushauri wangu ni huo tu: tafuta kitu kidogo ambacho wewe umekitazama kwa karibu kuliko watu wengine. Umaskini wako wataukuta kwenye fomu ya pesa, hauhitaji kurudiwa.

PCB_Jasho · 15 Agosti 2024

Dada, barua za walimu je? Mwalimu wangu wa kemia anasema niandike mwenyewe yeye atasaini.

KibandaChaChipsi · 15 Agosti 2024

Usiandike mwenyewe. Kwanza ni udanganyifu, pili itafanana mwandiko na insha yako.

Ila naelewa tatizo. Walimu wetu hawajafundishwa barua hizi. Barua ya kwanza niliyoandikiwa, niliiona baadaye mwalimu aliponionyesha kwa fahari, ilisema mimi ni msichana mtiifu, nadhifu, sijawahi kuchelewa namba na sijihusishi na vikundi viovu. Mistari minne na muhuri. Kwa kwetu hiyo ni sifa kubwa! Kwa yule msomaji wa Marekani ni kama mwalimu hana la kusema.

Nilichofanya mwaka wa pili: nilimfuata mwalimu wa fizikia nikiwa na karatasi nimeandika matukio matatu anayoyajua yeye mwenyewe. Siku nilipobishana naye kuhusu mwelekeo wa msuguano na nikawa nimekosea. Siku tulipotengeneza kifaa cha kupimia kwa chupa za maji. Kikundi cha kusoma cha jioni. Nikamwambia, "Mwalimu, huko wanataka hadithi, siyo cheti cha tabia." Akaandika kurasa mbili. Alifurahi hata kuliko mimi.

Mambo madogo yanayoumiza hapa: mwalimu anatumiwa kiungo kwenye barua pepe, na kiungo hicho hupenda kwenda kwenye taka. Kaa naye mkifungua. Tumia barua pepe ya shule kama ipo. Wanataka pia mtu wa shule wa kutuma matokeo yako na maelezo ya shule, na kwetu hapo anayefaa ni mwalimu wa taaluma au mkuu wa shule mwenyewe. Matokeo ni ya miaka minne, kwa Mtanzania chukua Form Three mpaka Six, ripoti za mihula pamoja na matokeo ya NECTA ya Form Four na Six. Eleza kwa sentensi mbili kwamba Division One ni nini, na kwamba mtihani ni wa taifa zima. Usidhani wanajua.

Chalii_wa_Soweto_Moshi · 16 Agosti 2024

SAT ni lazima? Na Kiingereza?

KibandaChaChipsi · 16 Agosti 2024

SAT, yaani ule mtihani wa Marekani wa kuombea vyuo, kwa vyuo vidogo vingi si lazima. Bowdoin haijailazimisha tangu 1969. Lakini vingine vimeanza kuirudisha, kwa hiyo angalia tovuti ya kila chuo kwa mwaka unaoomba wewe. Ukiweza kuifanya na ukapata alama nzuri, itume, maana inawasaidia kulinganisha shule wasiyoijua. Siku hizi inafanywa kwa kompyuta. Kiingereza ni mtihani wa TOEFL, IELTS au ule wa Duolingo unaofanyia nyumbani kwa bei nafuu, na vyuo vingine humsamehe mtu aliyesoma sekondari kwa Kiingereza. Andika uulize, wanajibu.

Ada ya maombi: kuna sehemu ya kuomba kusamehewa ndani ya Common App. Grinnell haitozi kabisa. Chuo kikikukatalia, kiandikie barua pepe ya heshima ya mistari mitatu. Mimi sikulipa ada ya maombi hata moja mwaka wa pili.

Uko Moshi, UWC East Africa iko mlangoni kwako. Anayeweza kupata nafasi na ufadhili pale, wahitimu wa shule za UWC wana mpango wa Davis unaochangia gharama zao kwenye vyuo vingi vya Marekani.

Bi Mkubwa wa Chumbageni · 17 Agosti 2024

Wanangu, mimi niliingizwa mjini. Wakala mmoja, ofisi nzuri ina kiyoyozi, alichukua laki sita kwa mwanangu akasema ana "uhakika wa skolashipu". Miezi minne baadaye simu haipokelewi, na ofisi imekuwa saluni. Naandika ili mwingine asiliwe.

KibandaChaChipsi · 17 Agosti 2024

Pole sana mama. Hakuna mtu duniani mwenye uhakika wa nafasi kwenye vyuo hivi, hata mtoto wa aliyesoma hapo. Amherst yenyewe ilifuta upendeleo wa watoto wa wahitimu 2021.

Ushauri wa bure upo: EducationUSA, wanafanya kazi na balozi za Marekani, Dar wapo na Nairobi wapo.

MkenyaMbali · 18 Agosti 2024

Niongezee ED (Early Decision), wengi wananiuliza. Ni kuomba mapema, kawaida tarehe 1 au 15 Novemba, chuo kimoja tu, na unasaini kwamba wakikuchukua utakwenda. Kwa mwenye kuhitaji msaada, kifungo hicho kina mlango mmoja: pesa waliyokupa isipotosha, unaweza kujitoa. Nafasi huwa nzuri kidogo, lakini chagua chuo kinachoziba pengo lote, siyo kile cha majani ya vuli 😂. Maombi ya kawaida ni mwanzoni mwa Januari. Na saa ya mwisho kwenye Common App inafuata mahali ulipo, yaani saa tano na dakika 59 usiku ya Nairobi au Dar. Usingoje usiku huo, mtandao nao unajua.

KibandaChaChipsi · 20 Agosti 2024

Kaka kamaliza kazi. Naweka la mwisho, fomu ya pesa, kwa sababu Baba Neema kaniandikia kwamba wameamua kuomba. (Neema kachagua maabara!)

Fomu inaitwa CSS Profile, hufunguliwa Oktoba. Kuna ada ya dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata, ila vyuo vingi humpa mgeni namba ya kumsamehe, ukiomba. Vingine hukubali fomu ya bure badala yake.

Tatizo si ada, tatizo ni maswali. Fomu imeandikwa kwa watu wenye mshahara. Inauliza kipato cha mama kwa mwaka. Mama hajawahi kuhesabu kwa mwaka, anahesabu kwa siku, na siku ya mvua haihesabiki. Tulikaa sakafuni usiku na daftari la Counter Book. Gunia la viazi linakwisha kwa siku ngapi. Dumu la mafuta. Trei za mayai, na yanayovunjika. Mkaa. Pesa ya mtendaji wa usafi. Kodi ya sehemu ya kibanda. Vijana wa kijiweni wanaokula kwa mkopo. Tukafika kwenye faida ya shilingi 14,000 kwa siku ikiwa siku nzuri, tukatoa siku mbaya, tukatoa Ramadhani mchana. Mama akaitazama ile namba ya mwaka, akasema, "Kumbe mimi ni tajiri hivi?" Kisha akaigawa kwa watoto watano akanyamaza.

Vithibitisho: hana hati ya mshahara, hana mahesabu ya kodi. Tuliandikiwa barua na ofisi ya serikali ya mtaa yenye muhuri, ikieleza biashara yake na wanaomtegemea, tukaambatanisha na tafsiri ya Kiingereza. Ilikubalika. Mwisho wa fomu kuna sehemu ya maelezo. Itumie yote. Hapo ndipo nilipoeleza kuhusu mayai.

Usidanganye namba. Wakiona kipato kidogo kuliko kodi ya nyumba mnayolipa watauliza mnaishije.

Ukishapata: hati ya I-20 kutoka chuoni ya kuombea visa, ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni), na ada ya visa. Mwaka 2024 SEVIS ilikuwa dola 350, visa dola 185. Jumla ilikaribia milioni moja na nusu za kwetu, na mara nyingi hii haimo kwenye msaada, nauli pia. Uliza chuo mapema, vingine vinasaidia. Sisi tulichangishana mtaani. Ukiwa huko unaruhusiwa kazi ya ndani ya chuo mpaka saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mimi nilikuwa naosha sufuria bwaloni, na kwa kulinganisha na kumenya viazi vya mama ilikuwa likizo.

Baba Neema · 28 Desemba 2024

Binti, shikamoo yako naipokea mapema. Neema ametuma maombi ya vyuo tisa. Umeme ulikatika mara mbili, tukamalizia kwa bando la simu yangu. Mwalimu wake wa baiolojia kaandika kurasa tatu, sikujua kama mtoto wangu anafuga konokono.

Sasa tumekwama kwenye CSS. Inauliza familia ina magari mangapi na ya thamani gani. Bajaji ni gari?

KibandaChaChipsi · 28 Desemba 2024

Marahaba utaitikia wewe baba 😂 Shikamoo.

Bajaji ziandike upande wa biashara, siyo magari ya familia, kwa sababu ndizo zinazowalisha. Kwenye maelezo andika zilinunuliwa lini, zinaingiza kiasi gani kwa siku, na dereva anachukua kiasi gani. Kama moja bado ina mkopo, deni liandike pia.

Baba Neema · 28 Desemba 2024

Zote mbili zina mkopo.

KibandaChaChipsi · 28 Desemba 2024

Andika zote mbili.